Harufu ya Omena Mapokezini

Shirika letu lilianzia Dunga, ufukweni mwa ziwa, ndani ya banda la mabati walimopimia samaki. Muuguzi mmoja mstaafu aliomba kona, akaleta mizani ya watoto na benchi, akawa anawahudumia wanawake waliokuwa wakisubiri mashua zirudi. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na sina kazi, akanichukua nimwandikie kadi za kliniki. Baada ya kupimiwa watoto, wanawake walibaki wakimweleza mengine: mume aliyehama nyumba, binti aliyepata mimba, mama mkwe asiyeambilika. Aliwasikiliza huku akiwasaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Hizo ndizo zilikuwa huduma za familia, kabla mtu yeyote hajazipa jina hilo.

Kisha wafadhili wakatugundua. Ningependa kusema wageni ndio waliotuharibia, lakini aliyetuharibia, mkurugenzi waliyemweka juu yetu, alizaliwa huku huku kwetu, karibu na Pap Onditi, na mama yake alimsomesha kwa kuuza mboga sokoni. Ukimsikia mkurugenzi huyo akiongea, ungedhani alizaliwa kwenye ukumbi wa hoteli. Alituhamishia mjini, kwenye jengo lenye geti, askari na vigae vyeupe. Alivipenda vigae vile kuliko alivyompenda mtoto yeyote aliyewahi kutapika juu yavyo. Mimi akaniweka mapokezini.

Asubuhi moja nilisikia mabishano getini. Alikuwa mama mmoja wa Dunga niliyemfahamu, mtoto mgongoni akiwaka homa, karai la omena kichwani kwa sababu alikuwa njiani kwenda sokoni.

"Mama, hiyo karai hapana ingia," askari alimwambia. "Ni amri ya mkurugenzi."

"Sasa niache hapa paka wakule?"

Nilitoka, nikalipokea karai, nikalisukuma chini ya meza yangu, na mama akaingia kwa muuguzi wetu. Mtoto alikuwa bado anapimwa malaria mkurugenzi aliposhuka ngazi na wageni wake. Alisimama katikati ya vigae, akanusa kama mbwa wa polisi.

"Nini kinanuka?"

"Omena, Bwana Mkurugenzi."

"Toa nje."

"Mwenyewe yuko ndani na mtoto mgonjwa."

Aliwageukia wageni, akawaeleza kwa Kiingereza kizuri sana kwamba jamii hii bado ina changamoto ya usafi. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyeuliza hali ya mtoto.

Jioni alituita mkutanoni. Kuanzia sasa, alisema, wachuuzi wa samaki watapitia geti la nyuma, siku yao maalumu, na kabla ya kuhudumiwa watafundishwa kunawa mikono. Muuguzi aliinua mkono.

"Mama yako akija na mboga zake, atapitia geti gani?"

"Hayo ni mambo binafsi," alijibu.

Muuguzi alichukua mkoba wake akaenda, hakurudi tena. Wale wanawake hawakuandamana wala kulalamika popote; waliacha tu kuja. Siku ya somo la kunawa mikono ilipofika, mwalimu alikuwepo, mpiga picha alikuwepo, mabeseni yalikuwepo, na viti vilikuwa vitupu. Mkurugenzi akaamuru wafagiaji na makarani wajifunge leso wakae badala ya wachuuzi. Mimi nilipewa leso ya kijani na kuonyeshwa kiti cha mbele.

"Kaa kama mama wa samaki," aliniambia.

Nilimuuliza mama wa samaki hukaaje. Hakujua. Niliiweka leso mezani kwake nikatoka, nikashuka hadi Dunga, ambako nilimkuta muuguzi kwenye kona yake ya zamani, tayari ana foleni.

Tuko hapo mpaka leo. Jengo la vigae sasa hukodishwa kwa harusi na semina, na mkurugenzi hualikwa huku na huko kufundisha namna ya kuwafikia watu wa ufukweni. Juzi alimtuma kijana mwenye tai atuulize kama tungekubali kuitwa tawi lao. Muuguzi alikuwa akimpima mtoto, hakuinua kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia mjumbe kwamba hatukubali. Kijana akanunua samaki aina ya ngege kwa mchuuzi wa jirani, akaenda zake.