Siku Watoto wa Mgongoni Walipogeuzwa Abiria

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona mgonjwa hata mmoja. Nilioneshwa friji. Lilikuwa friji la mafuta ya taa, limesimama peke yake katika chumba cha nyuma cha ghala la chanjo pale Arua, na mkubwa wangu, Bwana Mtunza Chanjo, alivua kofia kabla ya kulifungua. Nilidhani anatania.

"Binti," akaniambia, "humu ndani iko maisha ya watoto ya hapa mpaka Koboko. Utafungua asubuhi na jioni tu. Ukisikia joto, enda oga."

Nilikuwa binti wa askari, nimelelewa Koboko katika nyumba ya Waislamu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi, maana walitaka mtu wa kuzungumza na akina mama waliotoka Kongo kufanya biashara. Cheti changu hawakukitazama mara mbili.

Vijana wangu mnaochanja leo kwa friji za umeme wa jua, mtanicheka nikiwaambia kosa langu la kwanza. Chupa za barafu zikitoka kwenye jokofu huwa kavu na ngumu. Huzipangi hapo hapo katika sanduku la baridi. Unaziacha mezani mpaka zitoe jasho, mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Mimi sikungoja. Niliona baridi nyingi ndiyo kheri nyingi, nikagandisha chanjo ya pepopunda ya wiki nzima, na chanjo hiyo ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Nilikwenda kwa Bwana Mtunza Chanjo nikamwambia. Akanipa chai. Akasema kilichomfurahisha ni kwamba nimesema kabla sindano haijamgusa mtoto. Halafu akanisafishisha ghala mwezi mzima, ili nisije nikadhani amefurahi sana.

Kutoka ghalani nilipelekwa Aroi, kwa baiskeli, sanduku la baridi limefungwa nyuma kwa mipira ya tairi. Huko nilimkuta Sista Mkuu, muuguzi mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye ninamshukuru mpaka leo. Nilikuwa ninabandika matangazo ukutani, kwamba chanjo ni Jumatatu, akina mama wote wafike. Hawakufika. Sista Mkuu akayabandua matangazo yangu yote.

"Unaita watu kama wewe iko mfalme," akasema. "Wamama wanaenda wapi siku ya soko?"

"Sokoni, Sista."

"Basi na wewe enda sokoni."

Hiyo ndiyo kazi yetu yote, na mengine ni mapambo. Tangu siku hiyo, kila nilipohamishiwa, swali langu la kwanza lilikuwa soko ni siku gani. Nilifanya hivyo Lobule kwa miaka mingi, nikitembea kati ya mashamba ya muhogo mpaka mbwa wa kila boma wakanizoea, na nilifanya hivyo upande wa Ludara, kituo changu cha mwisho. Mama anateremka na mzigo wake na mtoto mgongoni, anauza, mimi ninachanja pembeni mwa soko chini ya turubai, anarudi nyumbani na chumvi na kadi iliyojazwa. Siku nzuri kelele za watoto zilinifuata mpaka usingizini, na nilizipenda.

Ludara nilikuwa mzee tayari, baiskeli nimeiacha. Nilibebwa na Juma, dereva wa boda boda, askari mstaafu mwenye tumbo, ambaye aliendesha polepole kwa heshima ya chanjo na kwa kasi akiwa peke yake.

Sasa nifike kwenye kamati.

Palisikika ugonjwa upande wa pili wa mpaka, na kamati moja ya kanda iliyosimamia afya na usafiri kwa pamoja ikatoa amri zake. Sitasema amri zote zilikuwa mbaya. Ile ya ndoo za maji na sabuni kwenye vizuizi vya barabarani niliishangilia. Lakini wakaamua pia kwamba, ili watu wasibanane, pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Na kwa kuwa walikuwa watu wa kuandika kila kitu kwa ukamilifu, wakaeleza kwamba abiria ni mtu wa umri wowote. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, basi, alikuwa abiria wawili. Aliyefika kizuizini hivyo alirudishwa.

Nimeisoma amri ile mara nyingi na bado ninasema ilitungwa na watu ambao mgongo wao haujawahi kuloweshwa na mtoto. Mtoto wa mgongoni hambani mtu ila mama yake, na mama yake ndiye anayempumulia usiku kucha. Tena waliweka kizuizi njia panda, kwenye barabara pekee ya kutoka vijijini kwenda soko letu. Siku ya kwanza ya soko baada ya amri nilipata watoto wachache. Ya pili, wachache zaidi. Ya tatu akaja mama mmoja.

Alikuwa Kiden, muuza mukene wa kule Lobule, mwanamke mrefu anayecheka kwa sauti. Siku hiyo hakucheka. Alitembea tangu alfajiri, beseni la mukene, wale samaki wadogo wakavu, kichwani na Wani, mtoto wake wa miezi tisa, mgongoni. Miezi tisa ndiyo wakati wa chanjo ya surua. Lakini Wani alikuwa anachemka homa kali, akatapika mara mbili mbele yangu. Nikamwambia mama ampeleke kwanza kwa tabibu wa zamu kituoni, na tutamchanja soko lijalo.

"Mama, soko ingine mimi hapana weza tembea tena hivi," akasema. "Miguu iko moto. Wengine wanasema wataacha tu. Surua ikikuja itakuja."

Maneno hayo yalinichoma. Nimewahi kuiona surua ikiingia kijijini, nami sitaisimulia hapa. Nilirudi kituoni nikaandika barua kwa kamati, kwa heshima zote, nikiomba mtoto wa mgongoni asihesabiwe. Jibu lilikuja fupi: mtoto ni mtu, na mtu ni abiria. Daktari Mkuu wa kituo chetu akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama, umebakiza miezi minne ustaafu," akasema. "Hiyo kamati ikikasirika, karatasi zako zitazunguka kwenye meza zao mpaka ufe. Kaa kimya."

Alinitakia mema, najua. Na niliogopa, sitadanganya, kwa kuwa nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya paa la nyumba yangu. Nilikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia Juma anipeleke Lobule, nikawasomea Kiden na wenzake ile barua ya kamati, neno kwa neno. Wanawake wakatazamana.

"Rudia," Kiden akasema. Nikarudia. "Mutoto iko abiria?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Hata Wani?"

"Hata Wani."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake, na wote wakamfuata. "Sawa," akasema, akijifuta machozi. "Kama iko abiria, atangojea pikipiki yake. Sisi hapana vunja sheria."

Soko lililofuata, Katibu wa kamati alikuwa ametoka Arua kukagua kizuizi. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, faili kwapani, wala hakuwa mtu mbaya. Pikipiki ya kwanza ikafika, imembeba Kiden. Akateremka, akanawa mikono vizuri kwa sabuni, akamfungua Wani mgongoni, mzima na mnene, akamkabidhi Katibu.

"Mukubwa, mimi iko abiria ya hii pikipiki. Huyu iko abiria ingine. Chunga yeye, usafiri yake inakuja."

Kabla Katibu hajafungua kinywa ikafika pikipiki ya pili, na ya tatu. Kila mama ananawa, anafungua kanga, anakabidhi, anasogea hatua chache mpaka kwenye baraza ya duka na kukaa akimtazama mwanawe. Askari wa kizuizi alipewa wawili. Karani aliyekuja na Katibu alipewa mmoja aliyemshika masikio. Mimi na Juma tulipofika na sanduku la baridi, kelele zilisikika tangu kilimani, na Katibu alikuwa amesimama katikati ya barabara, Wani mkono huu, binti wa mtu mkono ule, faili chini kwenye vumbi.

"Mama, wewe iko mutu ya afya!" akanililia. "Saidia mimi!"

Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Kisha nikaona watoto wote wale mahali pamoja, na mama zao barazani wameshika kadi mkononi, na kicheko kikaniisha. Kanuni ilisema chanjo itolewe kituoni au sokoni tu, na mbele yangu alisimama mtu wa kuniandikia makosa. Nikasema potelea mbali. Juma akatandika turubai kando ya barabara. Nikatazama kila chupa. Kila moja ina duara dogo ambalo hugeuka rangi likipata joto, na maduara yangu yote yalikuwa mazuri. Chupa ya surua ukishaichanganya na maji yake haifai tena ukipita muda wa saa sita, kwa hiyo ukiifungua unaomba Mungu akuletee watoto. Siku hiyo alikuwa ameshawaleta.

"Wani wa Kiden!" nikaita. Kiden akaja na kadi. Katibu akataka kumrudishia mtoto.

"Hapana, mukubwa," Kiden akasema. "Mama ndiyo anashika mukono wakati ya sindano. Leo wewe iko mama."

Akamshika. Alimshika vizuri, kwa hofu, akifumba macho yeye badala ya mtoto. Wani akapiga yowe moja, akalowesha lile shati jeupe kuanzia mfukoni, akatulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Katibu akajitazama, akamtazama Wani, na hapo na yeye akashindwa kujizuia, akacheka.

Tulimaliza chupa ile mpaka tone la mwisho, tukafungua nyingine. Kabla ya adhuhuri Katibu aliokota faili, akaandika juu ya meza ya ndoo za maji kwamba kizuizi kile kisihesabu watoto wa mgongoni, mpaka kamati ikae. Kamati ilikaa, ikakubali, na ikajisifu kwa hekima yake. Mimi nilipata barua ya onyo, kwa kutoa chanjo mahali pasiporuhusiwa. Karatasi zangu za kustaafu zilichelewa kama Daktari Mkuu alivyosema, na paa likangoja.

Ninyi mnaoshika kazi hii sasa, sijawaambia mpigane na wakubwa. Wengi wao ni watu wazuri waliokaa ofisini muda mrefu. Ninawaomba jambo moja tu. Turubai lako likikosa watoto, usiandike kwamba akina mama wamekataa. Toka, ufuate barabara, utazame ni nini kimewasimamisha.

Kiangazi kilichofuata, surua ilivuka mpaka. Nilikuwa nyumbani Koboko, nimestaafu, sina sanduku wala ruhusa, na kila jioni nilitoka langoni kuwauliza wapita njia habari za Lobule. Kisha mchana mmoja nikasikia pikipiki inakuja kwa kasi, nikajua Juma yuko peke yake. Alisimama langoni bila kuzima injini.

"Mama, nimetoka soko. Nimepita kwa Kiden, nimepita Lobule yote. Watoto iko wazima. Wanapiga kelele mpaka mutu hapana sikia mwenzake."

Nililia pale pale, mbele ya kuku wangu. Kisha nikamwambia azime hiyo injini, aingie akae, anielezee vizuri hizo kelele.