Chebet amekataa shamba nililompigania

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nina mume na watoto watano, na tunakaa nje kidogo ya Eldoret, upande wa Plateau. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, lakini ukurasa huu nausoma mwenyewe, tena wamama wa kanisa huja nyumbani niwasomee. Ninyi maelfu mnaonisoma leo, msinicheke.

Kifungua mimba wangu ni msichana, tumwite Chebet. Ni mwalimu, na Kiingereza kinamtoka kama maji ya mfereji. Mzungu tuliyemfanyia kazi alipouza shamba akaenda kwao, watu waliungana wakalinunua kwa hisa. Mume wangu alichukua yake, ambayo vijana wetu watagawana. Mimi nikachukua yangu kwa pesa za maziwa na kuku, nikasimama mbele ya wanaume nikasema hiyo ni ya Chebet. Walicheka mpaka kofia zikaanguka. "Mama Chebet, huyo atalima na chaki?" Nikawajibu, hiyo chaki ndiyo imefundisha watoto wenu kuandika majina.

Likizo iliyopita Chebet alibeba mfuko mgongoni akaenda kuzunguka Tanzania, kutembea tu, bila msiba wala harusi. Alipofika Tanga akaniita nimfuate. Kanisa lote lilijua naenda nchi ya nje, nilihakikisha. Kumbe safari yote ile ni ya kwenda kukaa! Alinipeleka ufuoni asubuhi, akatandika leso, akalala chali. "Mama, leo hatufanyi kitu."

Nilikaa. Mguu ukaanza kucheza wenyewe. Nikawaza ng'ombe wangu, nani anawakamua, na kama wanapanguswa chuchu kwanza. Mwishowe nikaokota kuti nikaanza kufagia.

"Mama! Unafagia bahari?"

"Nafagia mahali tumekaa. Watu watasema nini?"

Akapita kijana muuza madafu. Nikamuuliza hii shamba yote imelala hivi ni ya nani, na ekari ni bei gani.

"Hili si shamba, mama, ni ufuo. Mwenyewe ni Mungu."

"Kwetu angekuwa ameshawekewa fensi," nikamwambia. Chebet alicheka mpaka machozi. Kijana naye akauliza, "Mama mcheshi, unaitwa nani?"

"Mama Chebet."

Hapo binti yangu akaacha kucheka. Akakaa wima, akapangusa mchanga mikononi. "Mama, hilo jina ni langu. Lako ni lipi?"

Mtaniamini? Nililitafuta kwanza kabla ya kulitaja, kama mtu anatafuta ufunguo. Na nilipolitaja halikutoka vizuri. Tangu mama yangu azikwe hakuna mtu ameniita hivyo.

Ndipo akaniambia. Hilo shamba halitaki. Anataka kufundisha, na shule zikifungwa azunguke dunia na mfuko wake. "Usilie, Mama. Ni wewe ulikamua, ni wewe ulifuga. Andikisha jina lako."

Nimerudi nyumbani, lakini sijatulia. Nafagia uwanja mara mbili. Juzi nilimwaga maziwa nikimtazama ng'ombe machoni. Nilimwambia mume wangu alivyosema Chebet, na mume wangu ni mtu mzuri, hajawahi kuniinulia mkono. Alishangaa tu. "Jina lako la nini, na langu liko? Kwani tumeachana? Kama msichana hataki, andika kijana." Mashemeji wameshasikia, wananisalimia, "Habari ya mwenye shamba?" halafu wanacheka. Na mimi niliyemsifu Chebet kila mahali, nitasema amekataa?

Nikiandikisha kijana, nyumbani kutakuwa na amani, na wanangu wa kiume nawapenda. Nikijiandikisha mimi, mume wangu ataona nimemvua nguo mbele ya wanaume wenzake. Lakini kile kipande nimekizunguka kwa miguu, najua hadi pale maji husimama, na tangu Tanga nakiona ni changu. Kabla ya hapo sikuwahi kuona kitu ni changu.

Jumamosi ni siku ya kugawa shamba rasmi. Wanakamati watapita na vigingi, na kila mwenye hisa atasimama kwenye kipande chake aseme jina, waliandike. Hapa kwenye ukurasa mmenifichia jina, na ninawashukuru. Huko hakuna kujificha. Ndugu zangu, niambieni kabla ya Jumamosi: nikisimama pale, nitaje jina la nani?