Alasiri Niliyolala Chini ya Shuka Mafiga

Sanaa ya majaribio haijawahi kuniingia akilini, na nasema hivyo nikiwa nimeisoma. Nikiwa nasomea ualimu chuoni hapa Morogoro, darasa la sanaa tulipelekwa kuangalia viti vya plastiki vilivyoning'inizwa mtini, miguu juu. Wenzangu wakawa wanatikisa vichwa, eti wameelewa. Nikamuuliza mhadhiri maana yake nini. "Usiulize maana," akasema, "jiulize unahisi nini." Nikamwambia nahisi njaa. Darasa zima likacheka, yeye akasema hilo nalo ni jibu zuri. Zuri kivipi? Mpaka leo sijui.

Cha ajabu, niliipenda. Kila nilichokiona kilinikera, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika. Mwisho nikataka kuacha ualimu nihamie sanaa moja kwa moja. Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Waluguru mwenye neno ni mjomba. Baba ni baba, unampenda na unamwamkia, lakini jambo likishakuwa zito linapanda mlimani kwa kaka yake mama. Mama yangu alishafariki, hivyo nikampigia mjomba simu Kinole.

"Sanaa? Ngoma?"

"Siyo ngoma, mjomba. Ni... mambo ya majaribio."

"Nitashuka nione kwa macho yangu. Nikikuta upuuzi unabaki na ualimu wako, na hatutaongea mara mbili."

Kama bahati mbaya, wakati huohuo akatujia mgeni, msanii wa kike kutoka Dar. Aliazima uwanja wa nyumba moja mtaani Mafiga. Kazi yake ilikuwa hivi: mtu alale kwenye mkeka, afunikwe shuka jeupe gubigubi, sisi wengine tukae chini bila kusema neno mpaka jua lizame. Basi.

"Inahusu nini?" nikamuuliza.

"Inahusu kitakachotokea."

"Na kisipotokea kitu?"

Akanitazama juu hadi chini. "Wewe unayeuliza sana ndiye utakayelala."

Nikalala. Joto, sisimizi, na pua inawasha vibaya sana. Uwanja wenyewe ulizungushiwa michongoma tu, na njia ya sokoni inapita ubavuni. Hebu fikiria wewe ni mama wa Mafiga, unatoka zako kununua dagaa, unaona mtu kafunikwa nyeupe na vijana wamekaa chini wameinamisha vichwa. Utasema hiyo ni sanaa?

Nikasikia mtu anavua ndala. "Jamani, poleni. Ni nani?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu tulishakatazwa kusema. Yeye akaona uchungu umewazidi. Akajifunga khanga kiunoni, akakaa, akaanza kulia taratibu. Akaja wa pili, wa tatu, kisha wakawa wengi. Mmoja akatua mzigo wa kuni pu! Mwingine akauliza sufuria za uji ziko wapi. Mimi kule chini namsikia msanii anamnong'oneza kijana aliyekuwa akimrekodia video, "Usizime, usizime." Nilitamani kupiga kelele, ila nilishindwa kujua kama kupiga kelele kutaharibu kazi au ndiyo kazi yenyewe.

Ndipo nikasikia sauti ya mjomba. Chuoni walimwelekeza huku, naye alikuja na jirani yake wa Kinole, mama mmoja mtani wa ukoo wetu. "Namtafuta mpwa wangu, nimeambiwa yuko hapa." Mwenzangu mmoja, mjinga wa mwisho, badala ya kusema akanyoosha kidole kwenye shuka.

"Inna lillahi..."

Nikafunua uso haraka. "Mjomba, mimi mzima! Shikamoo!"

Hakuitikia. Mama wa kuni akasimama kwa hasira. "Mnatuchezea? Msiba mnaufanya mchezo? Hamna adabu!" Alikuwa na haki.

Mtani wetu yeye aliangua kicheko. Watani ndio kazi yao msibani, kumdhihaki marehemu mpaka wafiwa wacheke, na yeye hakusubiri kuombwa. Akajitupa mkekani ubavuni kwangu. "Sogea huko! Ukoo wenu una uchoyo hata wa mkeka! Kufa kwenyewe hujui, unakufa huku unaamkia watu!" Wanawake wengine wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi sikucheka. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Nikaketi, nikalisukuma shuka pembeni.

"Mjomba, nisamehe. Nabaki na ualimu. Yaishe."

Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshavua viatu, amekaa ukingoni mwa mkeka, na mabega yanatikisika. Sikuwa nimewahi kumwona mjomba akilia. Mama alipofariki mvua zilikuwa zimekata barabara ya mlimani, na alipofika mjini maziko yalishapita, hata matanga yalishaondolewa. Siku ile aliomba maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekula, akageuza kurudi. Nilidhani ndivyo wanaume walivyo.

"Mjomba?"

"Nani kakwambia uinuke?"

"Lakini ulisema ukikuta upuuzi..."

"Nimesema ni upuuzi?" Akapenga kamasi kwa kanzu, yeye mtu msafi vile. "Lala. Dada yangu bado sijamlilia."

Nikamtazama msanii anielekeze la kufanya. Naye alikuwa kaduwaa, mikono kichwani. Mtani akanisukuma begani, nikalala. Mjomba akalivuta shuka mwenyewe, akanifunika mpaka usoni, na mama wa kuni, aliyekuwa akitutukana sasa hivi, nikamsikia anakaa chini tena. Sikuelewa chochote. Nikatulia tuli, mjomba akaanza kumwita mama yangu kwa jina.