Blanketi la Kitanda cha Dirishani

Hadi leo sijui blanketi lile la kijivu lilikuwa la nani. Nilimkuta shangazi yangu amejifunika nalo kwenye kitanda cha dirishani katika wadi moja hapa Nyeri, siku mbili baada ya kupasuliwa nyonga.

"Nilipata hapa imekunjwa vizuri," aliniambia. "Mwenye alitoka ameniachia."

Muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji alipoliona alirudisha mikono nyuma. "Shosho," alimwambia shangazi, "hii nilitoa wiki jana nikafungia stoo. Na wiki ile ingine pia."

"Basi inajua kutembea," akasema mgonjwa wa kitanda jirani.

Muuguzi akahesabu kwa vidole, polepole: wagonjwa watatu waliojifunika nalo kabla ya shangazi, vidonda vitatu vilivyotunga usaha. Akafungua kidonda cha shangazi. Kilikuwa bado safi.

Simlaumu mtu. Huku kwetu anayetoka hospitalini humwachia anayeingia blanketi, kwa kuwa anaijua baridi ya kitanda kile. Labda wema huo ndio uliolirudisha, ingawa wadi nzima iliapa haijaligusa.

Sista mkuu aliamua mambo mawili: lile lichomwe, na kila anayetoka aondoke na lake. La kwanza alilitekeleza muuguzi, aliyevaa glavu akasimama kwenye tanuri la taka hadi akaona jivu. La pili alilitekeleza shangazi. Siku ya kuruhusiwa alimtazama mama aliyeingia akitetemeka kwa baridi, akamwomba msamaha kwa Kikuyu, akabeba blanketi nililokuwa nimemletea, kwenda kulifua nyumbani.