Mwaka wa Kula Nje

Shemeji yangu ni seremala. Dada yangu alipoolewa naye, miaka arobaini na ushei iliyopita, chumba chao cha mbele kilikuwa na mkeka na ndoo ya maji, basi. Watu wakasema ndio kawaida, fundi viatu hutembea na vilivyotoboka. Wiki mbili kabla ya sikukuu yao ya kwanza akaingiza mbao ndani, akatengeneza meza humohumo chumbani, maana karakana ilijaa kazi za watu na yeye hapendi kuchanganya vya watu na vyake.

Ilikuwa meza ya watu wawili. Nilipokwenda kuwasalimia siku ya sikukuu nilikula nimesimama.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ni meza au kigoda?"

"Mwakani utakaa."

Hakuwa mtu wa maneno mengi hata wakati huo.

Mwakani nilikaa kweli, na mbele yangu akakaa mama yangu, maana alikuwa amehamia kwao. Shemeji alikuwa ameunga kipande na kuongeza miguu miwili. Ndipo mambo yalipoanzia. Kila watu wakizidi wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, alipima shibiri mbili za mbao kwa kiganja chake, akachonga ulimi wa kuungia, akapaka gundi, akaunga. Shibiri mbili kwa kila mtu, na wanene wajibane. Sheria ilikuwa moja: siku hiyo hali mtu jikoni, hali mtu mkekani, wote meza moja. Dada alizoea kumsengenya mbele yake mwenyewe. "Huyu bwana ananizalisha ili apate sababu ya kununua mbao."

Walizaa watatu. Mama alifariki, watoto wakaoa na kuolewa, wajukuu wakaja. Tulipofika watu kumi na wanne meza ilikuwa na miguu kumi na sita, na wajukuu wakaipa jina: Jongoo. Ilikuwa imekulia ndani kama malenge mtungini. Kutoka chumba kile kwenda uani kuna ukumbi mwembamba unaopinda, na Jongoo hakuweza kupinda. Hakuna aliyejali. Meza ina safari gani?

Dada amefariki huu mwaka wa tano. Sikukuu ya kwanza baada ya msiba walikuja wote, wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka mapema. Ya pili, yule wa kati alikwenda kwa wakwe zake, na ni haki yake, wale nao ni wazazi. Ya tatu, kitinda mimba alikuwa kazini mbali, akapiga simu yenye picha. Tukaiegemeza kwenye jagi la maji, akala kule, sisi tukala huku, mpaka chaji ikaisha. Mwaka jana tulikuwa watano kwa Jongoo mzima, tumejipanga upande mmoja kama watu wanaomsubiri daktari.

Shemeji hakulaumu mtu. Siku moja tu tulipokuwa tumekaa karakanani aliniambia, "Mwaka huu wasipokaa pamoja, sikukuu imekwisha nyumba ile. Sitawaita tena." Alisema vile vile anavyomwambia mteja kwamba mbao za mninga zimeadimika. Nami nikaendelea kuchukua vumbi la mbao kwa kidole.

Kisha, wiki moja kabla, kifungua mimba akapiga simu. Nilikuwepo, na simu ya shemeji husikika mpaka kwa jirani.

"Baba, mwaka huu tunakuja wote. Wote, hata wa mbali. Tutakula nje. Usijisumbue na chochote."

"Nje?"

"Nje, Baba. Tubadilishe kidogo."

"Sawa."

Akaweka simu mfukoni. Tukatazamana. "Wanataka kula nje," akasema.

"Si vibaya," nikasema. "Uani kuna hewa. Mle ndani joto."

Wazee wawili, miaka mia na arobaini kwa jumla, na hatukuuliza swali la pili. Na mimi ndiye niliyemshauri, sijifichi.

Alipima mlango, akapima ukumbi, akapima pale unapopinda. Akarudi kupima tena kana kwamba ukuta ungeona haya usogee. Kisha akachukua msumeno. Nilishika upande wa pili. Alikata sehemu mbili ili vipatikane vipande vitatu, akikata polepole kando ya maungio yake mwenyewe, na gundi ya zamani ilitoa harufu alipoifikia. Nikamuuliza kama inamuuma. Akasema, "Shika sawa, inatikisika."

Uani tukaviunga tena kwa vyuma na skurubu. Ardhi pale ina mteremko, kwa hiyo akaweka vipande vya tofali chini ya miguu. Pima maji yake ilikuwa imevunjika zamani. Yeye hutumia sahani. Alijaza maji sahani, akaiweka mezani, akainama kutazama maji yanakimbilia wapi, akaongeza tofali, akainama tena. Miguu kumi na sita. Alianza asubuhi, akamaliza jua limepita utosini. Siku ya sikukuu tukafunga turubai juu, tukapanga viti na sahani kumi na tatu.

Walifika saa saba na magari matatu. Wamependeza, wajukuu wananukia manukato ya dukani. Kifungua mimba aliingia wa kwanza, akasimama.

"Baba, hii nini?"

"Meza."

"Naona ni meza. Imefikaje huku?"

"Ulisema mtakula nje."

"Ndiyo, nilisema tutakula nje."

"Si ndiyo nje hii?"

Kitinda mimba akacheka mpaka akashika goti. "Dada, umemwambia mzee kula nje. Mzee nje yake ni uani." Wake na waume wakacheka pia, bila ubaya. Kifungua mimba hakucheka. Alizunguka meza nzima, akaona mahali pa msumeno, akaweka mkono mdomoni.

"Hotelini, Baba. Nilimaanisha hotelini. Wameshatutengea nafasi."

"Aa," akasema shemeji. Akaingia ndani kubadilisha shati.

Nilimfuata. Alikuwa anafunga vifungo, kimoja kimoja, hakuna alichokosea. "Tukatae?" nikamuuliza. Akasema, "Wamekuja wote."

Hoteli ilikuwa safi. Meza zake ni za duara, watu watano watano. Shemeji akamwomba mhudumu aziunganishe.

"Haiwezekani, mzee wangu. Zimefungwa chini."

Akainama kutazama. Kweli zilikuwa zimefungwa sakafuni. "Nati kubwa," akasema, akakaa. Wajukuu walikaa meza yao, wazazi wao ya kwao, sisi wawili tukapewa mkwe mmoja aliyekuwa akiongea na simu ya kazi. Kelele zilikuwa nyingi, ukimwita mtu wa meza ya pili hakusikii.

Mwisho kifungua mimba akaja akainama begani kwa baba yake. "Umeona, Baba? Hakuna kuosha vyombo. Umefurahi?"

"Chakula kilikuwa cha moto."

Tuliporudi, walisimama uani kuizunguka meza. Kitinda mimba ndiye aliyeanza.

"Baba, kwa kuwa imeshakatwa, sasa inapita mlangoni. Mimi kule nakula sakafuni. Nipe kipande kimoja."

"Na mimi," akasema kifungua mimba, sauti chini. "Wajukuu wako hawana pa kusomea."

Yule wa kati alipapasa mbao ya kipande cha mwisho. Kisha akasema, "Basi hiki kilichobaki nichukue mimi, kisije kikanyeshewa."

"Chukueni," akasema shemeji.

"Na wewe utakula wapi, Baba?"

"Nina mapaja."

Wakacheka, halafu wakaacha. Kifungua mimba akasema mwaka ujao kila mmoja atafanya sikukuu kwake, na baba watamzungusha, mwaka huu kwa huyu, mwaka ule kwa yule. Alisema kwa haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. "Sawa?"

"Mpangane," shemeji akamjibu. "Mtaniambia nibishe mlango gani."

Akafungua skurubu zote, akaziweka kwenye kopo. Kabla ya kupakia, akavigeuza vile vipande juu chini, akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kila kimoja: moja, mbili, tatu.

"Za nini hizo?" nikamuuliza.

"Ndivyo vinavyofuatana."

Akashika upande wake, mimi nikashika wangu, tukaanza na cha kwanza.