Magoti ya Faustina

Faustina ameuza mchele katika soko la Mwanjelwa kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana alisindikiza mwenyewe magunia ya mchele kutoka Rujewa hadi mji mdogo upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikusudia kukaa wiki mbili. Siku ya tano waasi wakauteka mji, boti zikazuiwa, akakaa miezi saba.

Yeye ni Mhehe wa kijiji kilicho jirani na Kalenga. Kwao mwanamke humsalimia mkubwa wake kwa kupiga goti, na goti hilo halingoji akili. Asubuhi moja kamanda wa waasi, mzee mwenye mvi, alipita sokoni akamsabahi. Goti likashuka. Alipoikumbuka bastola iliyokuwa kiunoni mwa yule mzee, soko zima lilikuwa limeshaona.

Jeshi la serikali liliporudi, watu walikata matawi, kina mama wakatandika vitenge barabarani. Walioimba kwa sauti kubwa kuliko wote, anasema Faustina, ni wale waliokuwa wakiwapikia waasi. Yeye alijifungia chumbani. Alitaka kitu kimoja tu: kutoka mji ule akiwa mzima, arudi kwa mama yake.

Mlango ukapigwa teke, vijana wa mji wakaingia.

"Njo uyu! Alikuwa anabapigia waasi magoti!" mmoja alipaza sauti, akimwonyesha kidole.

Walimburuta hadi mbele ya afisa kijana, rika la mwanawe Jofrey. Mtu mmoja alikuwa amebeba tairi na dumu la petroli. Ndipo Paskalina, bibi muuza dagaa aliyekuwa jirani yake sokoni, alipopenya katikati ya umati.

"Na mimi ananipigiaga kila asubuhi!" alifoka. "Mimi niko na bunduki? Niko na dagaa!"

Watu wakaangua kicheko. Tairi likawekwa chini. Afisa naye alicheka, kisha akatanguliza buti moja mbele.

"Basi, mama, unipigie na mimi. Tuone."

Faustina alimtazama kijana yule, akalitazama tairi. Akapiga magoti yote mawili, vumbini. Umati ukashangilia, matawi yakapepea. Wiki ile ile alipanda boti ya kwanza.

Kijijini alimkuta mama yake, Rozalia, kibarazani akipukuchua mahindi.

"Kamwene, mama," alisalimia, begi likiwa begani.

Mama yake hakuinua uso. Faustina akajua kosa lake: alikuwa amesimama wima. Akataka kushuka. Kila alipoanza kukunja goti aliliona buti lile, na miguu ikakakamaa kama ya ng'ombe anayekataa kuvuka mto.

"Kamwene, mama."

"Nasikia kuna mtu anapita njiani," Rozalia alisema, kana kwamba anayaambia mahindi. "Mwanangu akifika atanisalimia."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Faustina alibaki uani, mkanda wa begi ukimkata bega, mlango wa kwao ukiwa hatua nne mbele yake.