Nilipompima Muuza Dagaa wa Ujiji

Mimi sina subira, nakiri. Miaka yote hii natengeneza viti vya magurudumu hapa Kigoma, na bado napandwa na hasira nikiona mtu amepewa kiti kama mtoto anavyonunuliwa sare ya shule: kikubwa, eti kitamtosha tu.

Mama mmoja wa Ujiji, muuza dagaa, alikuja na kiti cha namna hiyo. Kipana, wangeenea wawili. Wanawe walikuwa wamemwekea vipande viwili vya godoro akae juu, wateja wamwone. Basi mikono ikawa haiyafikii magurudumu sawasawa. Alisukuma kwa ncha za vidole, mabega yamepanda masikioni. Bega la kulia lilishaanza kugoma, hata kuvaa gauni alisaidiwa. Mwanawe mkubwa alisema basi, biashara aachiwe mkwe, mama apumzike nyumbani.

"Mwanangu, nikikaa ndani nitakufa kabla ya hili bega," aliniambia.

Nikampima nyonga na mapaja. Nikapunguza upana wa kiti, nikatupa yale magodoro, nikaweka mto mmoja mwembamba. Magurudumu makubwa nikayasogeza mbele kidogo, ayashike bila kujinyonga mabega. Alinuna: mbele za wateja ataonekana amekaa kwenye kigoda. Nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyopasa, kisha nikamwomba radhi. Akazunguka uani mara moja, akazunguka tena. Nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

Siku ya tatu nikapigiwa simu: mama kaanguka chali sokoni.

Nilifika mbio. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila dagaa walikuwa wametapakaa na mwanawe ananitazama kama mwizi. Nyuma ya kiti, kwenye vishikio, ilining'inia ndoo kubwa; kwa magurudumu niliyoyasogeza mbele, uzito wake ulikipindua kiti. Kumbe kila siku alipandisha dagaa hivyo kutoka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga! Siku aliyokuja kwangu aliiacha nyumbani, akaoga, akavaa kitenge kipya. Angeingiaje ofisini kwa watu akinuka dagaa? Heshima yake ilinificha mzigo wake. Lakini kosa lilikuwa langu, maana nilipima mwili nikasahau kuuliza kazi.

Mwanawe alitaka kiti kirudishwe kilivyokuwa, na mama arudi ndani. Niliomba wiki moja tu. Nikachomelea fremu chini ya kiti, likakaa beseni la kina kifupi badala ya ndoo, uzito ukawa katikati. Nyuma nikaongeza viguu viwili vya kuzuia kiti kisipinduke.

Miezi miwili baadaye nilimfuata mwaloni asubuhi. Beseni limejaa. Mwanawe alitembea nyuma yake, mikono ameitanguliza. Kwenye mwinuko kiti kikasita. Mama akashusha pumzi, akayashika magurudumu kwa nyuma, akasukuma kwa mkupuo mrefu, kisha mwingine, mabega yametulia mahali pake. Mwanawe akagusa kiti.

"Toa mikono," mama alisema bila kugeuka.

Akaitoa. Roho yangu ilijaa furaha. Mama alifika sokoni bila kusukumwa, akapanga mafungu mezani, akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa ya kichwa na kufunga kamba ya turubai. Mwanawe aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akamuuliza mama yake, taratibu, kama kesho amwongezee dagaa.